Kisu cha kukunja: kimeleta nini, kimeondoa nini?

Tukizungumza juu ya vyombo vya mababu, kila mtu anakimbilia ngoma. Ni haki. Ngoma za Walokele zilijulikana mbali tangu mmisionari John Carrington wa Yakusu alipotoa kitabu juu yake mwaka 1949. Wengine wanataja mitumbwi, wengine mitego ya samaki ya Wagenia kwenye maporomoko. Kisu hakitajwi. Na kikitajwa, ni kwa malalamiko: wazee wanasema kile kisu kidogo cha kukunja, cha bei ya chini, ambacho watu wa mjini wanakiita kanifu kwa kufuata Kifaransa, ndicho kilichoua uhunzi wetu. Vijana wanajibu kwamba kisu ni kisu tu, cha muhimu kikate.

Sisi tunaona pande zote mbili zinapita kando ya jambo lenyewe. Kisu cha kukunja hakikuua uhunzi, kwa sababu kilikuta uhunzi umekwisha kuugua zamani. Lakini si kweli pia kwamba ni kisu kama vingine. Kuna jambo moja limebadilika pamoja nacho, na jambo hilo linapita bei: kisu cha zamani kilionekana, kisu cha sasa kinajificha. Basi tuanze mbali kidogo, ili msomaji apime mwenyewe.

Wakati chuma kilikuwa feza

Mbele ya falanga kufika, chuma chenyewe kilikuwa feza katika nchi yetu. Kwa Walokele, Watopoke na Waturumbu, upande wa Isangi na Yangambi, wahunzi walifua mabapa makubwa yenye umbo la mkuki, membamba, mengine yakipita urefu wa mtu. Katika vitabu vya Wazungu yanaitwa liganda au ngbele. Hakuna aliyeenda kuwinda na chuma cha namna ile; kingepinda kwenye pigo la kwanza. Kilikuwa cha kutolea mahari na kumaliza madeni makubwa. Na ukubwa wake wenyewe ulikuwa na maana. Chuma kinachopita urefu wa mtu hakifichiki chini ya mkeka. Kikitoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine, kijiji kizima kinaona nani ametoa na nani amepokea.

Kwa jirani zetu wa kaskazini, upande wa Uele, ilikuwa hivyohivyo kwa namna nyingine. Wazande walikuwa na kpinga, kisu cha kurusha chenye mabapa mengi yaliyotoka pande mbalimbali kama matawi. Wamangbetu walikuwa na trumbash, kilichopinda mfano wa mundu. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Munza wa Wamangbetu, akamchora ameketi na kisu cha mfano wa mundu mkononi. Kisu kile hakikuwekwa pale kwa kukata nyama. Kilikuwa pale ili mgeni ajue anaongea na nani.

Huku kwenye mto mtu wa kawaida hakuwa na kisu cha kifalme, lakini adabu ilikuwa moja. Kisu kilikaa ndani ya ala yake, kimefungwa mwilini, mpini ukiwa nje. Ukikutana na mtu njiani unaona mkono wake na unaona kisu chake. Ukiingia kwa mtu kwa mazungumzo mazito, unajua ni fasi gani ya kukiacha. Januari 1877, Stanley alipopita maporomoko ya Boyoma, na tarehe 1 Februari alipofika kwenye mdomo wa Aruwimi mbele ya Basoko, watu waliomkabili walishika mikuki na visu vya wahunzi wao wenyewe. Hakuna kisu hata kimoja kilichotoka mfukoni, kwa sababu nyepesi kabisa: mifuko haikuwako.

Msomaji asicheke. Tutarudi kwenye mifuko sasa hivi.

Jinsi mhunzi alivyopoteza kazi yake, kidogo kidogo

Mhunzi wa zamani alifanya kazi tatu ndani ya moja. Aliyeyusha mawe ya chuma, jambo lililotaka makaa mengi, mivukuto, vijana wa kuivuta na siku nyingi za kukaa fasi moja. Nyuma akafua: jembe, shoka, mkuki, kisu. Tena, kama tulivyosema, alitengeneza feza.

Desemba 1883 kituo cha Stanley Falls kilianzishwa hapa, na mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wake na Dola Huru la Kongo. Vitambaa, bunduki, shanga na mitako, yaani waya wa shaba ya manjano uliokatwa vipande, viliingia kwa wingi kwenye mto. Mitako ikawa feza ya biashara na ya mishahara. Kuanzia hapo feza haikutoka tena kwenye moto wa mhunzi. Ilitoka kwenye meli. Kiisha ikaja kazi ya mpira, ambayo kila familia ya kwetu bado ina habari yake. Wanaume walisukumwa porini kutafuta utomvu. Sasa nani atavuta mivukuto? Nani atachoma makaa? Ubelgiji ilipochukua nchi mwaka 1908, mambo yalibadilika kwa sura, na katika miaka iliyofuata kodi ikawa ya falanga. Mwenye liganda ndani ya nyumba hakuweza kuipeleka kwa mtoza kodi.

Basi hesabu ni hii. Kwanza mhunzi alinyang'anywa kazi ya feza. Nyuma akaacha kuyeyusha, kwa sababu chuma cha Ulaya kilifika kimekwisha kuyeyushwa. Kiisha panga, jembe na shoka za kiwanda zikafika madukani, na hapo ndipo alipoumizwa kweli kweli, kwa maana hizo ndizo zilikuwa chakula chake cha kila siku. Kisu cha kukunja kilikuja pamoja na hizo au nyuma yake, tena hakikukalia kiti cha mhunzi. Kilikalia fasi mpya kabisa: mfuko wa suruali.

Kisu na mfuko

Kisu cha kukunja ni cha zamani sana kwa Wazungu. Kule Hallstatt, katika Austria ya leo, vimechimbuliwa vya zaidi ya miaka 2,500, na Waroma walikuwa navyo. Lakini kisu cha kukunja cha bei ya chini, kile ambacho mkulima au mtoto wa shule anaweza kununua bila kuomba ruhusa, kilitoka kwenye miji ya wafua visu: Sheffield kwa Waingereza, Solingen kwa Wajerumani, Thiers kwa Wafaransa, na Gembloux kwa Wabelgiji. Mwaka 1890 Joseph Opinel wa Savoie alitoa kisu chake chenye mpini wa mti, chepesi, bila urembo. Mwaka 1891 Karl Elsener alianza kuwapa askari wa Uswisi kisu chenye vyombo kadhaa ndani yake, na mwaka 1897 akaleta kile cha maofisa, ambacho watu wa dunia nzima wanakiiga mpaka leo.

Kuna viwili ambavyo vilitengenezwa makusudi kwa ajili ya makoloni. Douk-Douk ya Thiers ilianza mwaka 1929. Ilifikiriwa kwa ajili ya watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na mpini wake ni karatasi ya chuma iliyokunjwa tu, ikachorwa sura ya pepo wa kule Melanesia. Kumbe ikapendwa zaidi na watu wa Afrika ya Kaskazini. Kingine kinatugusa sisi zaidi. Mwaka 1901 wataalamu wa Ulaya walitoa habari ya mnyama mpya, okapi, baada ya Harry Johnston kutuma ngozi na mafuvu kutoka msitu wa Ituri. Mpya kwao, Wambuti walimjua toka zamani. Tangu 1902 Wajerumani wakawa wanatengeneza kisu cha kukunja cha bei ndogo kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, nacho kinaitwa Okapi. Kina mpini wa mti wenye alama za nyota na mwezi, na pete ndogo mgongoni ya kufungulia kufuli yake. Kilienea Afrika ya Kusini, Afrika ya Magharibi, hata Jamaica. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi yake ilihamia Afrika ya Kusini. Mnyama wa msitu wetu amepita dunia nzima juu ya mpini wa kisu, na watu wengi wa Kisangani hawana habari.

Hapa Stanleyville visu vya kukunja viliuzwa katika maduka ya Wazungu, hasa Wagiriki na Wareno. Nani alinunua? Si mkulima wa Opala. Alinunua karani, katekista, boi wa Mzungu, fundi wa gari-moshi upande wa kushoto wa mto, baharia wa meli za Leopoldville. Kwa kifupi, mwenye suruali. Kisu cha kukunja kilitaka mfuko, na mfuko ulitaka mshahara. Kwa hiyo tangu mwanzo kilikuwa alama ya mtu wa kazi ya mjini, sawa na kalamu na saa. Wazee wanaokidharau leo wasisahau kwamba baba zao walijivunia kukitoa mbele ya wengine, wakijifanya wanakata kucha.

Kiisha kilipotea mara kadhaa. Mwishoni mwa 1973 Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia, maduka mengi yalimaliza mali yake na hayakuagiza mengine. Kuanzia 1998 mpaka 2003 vita vilikata mto, meli za Kinshasa hazikupanda, na mji wetu uliishi kama kisiwa, mizigo ikibebwa na baiskeli za toleka. Ile miaka mhunzi alipata kazi tena. Alichukua resori za malori yaliyokufa, vile vyuma vilivyopinda vinavyobeba uzito wa gari, akafua panga na visu. Chuma hicho ni kizuri kabisa, kinashika makali. Mto ulipofunguliwa, na barabara ya Bafwasende kwenda Beni ilipotengenezwa tena, vitu vya China vilijaa sokoni kwa kupitia Butembo na kwingine. Hapo kanifu ilirudi, lakini ikiwa ya watu wote. Kuku mmoja wa kijiji analipa visu viwili au vitatu vya namna hiyo.

Tukipime sasa

Tuseme wazi tunapima kisu gani. Si Opinel wala kisu cha Uswisi, ambavyo huku havionekani isipokuwa mkononi mwa mgeni. Tunapima kile kinachotandazwa juu ya plastiki karibu na betri na kufuli, chenye mpini mweusi na kikulabu cha mkanda, au chekundu chenye msalaba mweupe wa kuiga Uswisi. Hicho chekundu tukimalize upesi. Kina kijiko, uma, msumeno, kifungua chupa na mkasi, na muuzaji anasema: "Papa, hii iko na vyombo saba ndani!" Ni kweli viko saba. Kinachofanya kazi ni kifungua chupa.

Cheusi kinastahili haki zaidi. Faida yake ya kwanza ni usalama wa njiani. Anayesafiri kwa balenyeri kutoka Kisangani mpaka Isangi au Basoko anajua vile watu wanavyolala: mtoto juu ya gunia, mguu wa mtu juu ya mbuzi, mama mjamzito katikati ya vitunga. Kisu kisicho na ala katika msongamano ule ni hatari usiku kucha. Kisu kilichokunjwa hakimkati mtu. Mwendesha toleka naye hawezi kufanya kazi bila hicho. Mara anakata kamba ya mpira wa kufungia mzigo, mara anaparuza tundu la kuziba, mara anamenya chungwa. Sisi walimu tumeona faida nyingine. Watoto wengi wananoa kalamu za mti kwa wembe, na vidole vinatoka damu mbele ya hesabu kuanza. Kisu kidogo chenye mpini, kikikaa mezani kwa mwalimu, ni bora mara kumi. Na katika kupandikiza michungwa na mipira, kazi inayojulikana sana Yangambi tangu kituo cha INEAC kilipoanzishwa mwaka 1933, kisu kidogo cha kukunja chenye makali safi ndicho chombo chenyewe. Panga haiingii pale.

Faida nyingine ni bei, na tusiipite kwa haraka kama watu walioshiba. Mtu aliyeporwa vyombo vyake vyote, aliyekimbia kijiji na kuanza upya mjini na nguo moja, anaweza kununua kisu siku hiyohiyo. Kisu cha mhunzi anahitaji kukingojea, na mwenye njaa hangoji. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema kisu kitoke wapi.

Sasa hasara. Iko kwanza ya chuma na maji. Kwetu mvua kwa mwaka inapita milimita 1,600, na hata siku bila mvua hewa inalowanisha shuka. Kisu cha kawaida unakipangusa, umemaliza. Cha kukunja kina kiungo, kina msumari, kina resori ndani ya mpini, na maji yakiingia pale hayatoki. Mwindaji akichuna nyama nacho, damu na mafuta yanaingia ndani ya mpini, na siku ya pili kinanuka, ya tano kinakataa kufunguka. Chuma cha inoksi cha bei ndogo hakishiki kutu upesi, ni kweli, lakini ni laini: kinanolewa asubuhi, kufika saa sita kinapapasa muhogo tu.

Iko nyingine ya mikono miwili. Visu vingi vya namna hii vinafunguliwa kwa ukucha wa mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika mpini. Mgenia aliyesimama juu ya mti ndani ya maji yanayokimbia, mkono mmoja ukishika kekele, atafunguaje? Ndiyo maana kwenye maporomoko tunaona bado kisu cha wima, kimefungwa kwa kamba mwilini. Mvuvi akinaswa mguu kwenye kamba, hana nafasi ya kutafuta ukucha.

Na iko ya vidole. Kisu kikifunguka bila kufuli, kinaweza kujifunga juu ya mkono unaokisukuma. Opinel waliliona jambo hilo, wakaweka pete ya kufungia mwaka 1955. Vya sokoni vina kufuli ya bati jembamba ndani ya mpini, ambayo inashika vizuri wakati kisu ni kipya. Ukitaka kununua, kifungue, gusisha mgongo wa bapa kwenye kona ya meza, kidogo tu, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kikijikunja, kirudishe hata kama muuzaji anakasirika.

Lakini hasara iliyo nzito kwetu si ya chuma. Ni ile ya kujificha. Tangu mwanzo wa 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga na Ubundu yametufundisha kuogopa kila chenye makali. Watu walikimbia na kuja kulala kambini mjini. Mapigano hayo yalikuwa ya panga, mishale na bunduki za kuwindia, hayakuwa ya kanifu. Hilo lisemwe kwa haki. Hata hivyo hofu iliyobaki inafanya kazi kwa namna ya ajabu. Mwenye panga begani anayekwenda shamba anasalimiwa, kwa sababu panga inaonekana na safari yake inajulikana. Kijana mwenye kanifu mfukoni hajulikani. Sherehe inaharibika, vijana wawili wanasukumana, na watu hawaangalii tena uso wa mtu, wanaangalia mkono wake unaingia mfuko gani. Adabu ya zamani ya kuacha kisu mlangoni haiwezi kufanya kazi kwa kisu ambacho mwenye nyumba hakioni. Katika shule tunakataza, nasi tunaunga mkono katazo hilo, lakini mtoto anayekwenda nyumbani kwa kupita barabara ya giza anatujibu: "Mwalimu, njiani mutu anafanya namna gani?" Jibu la neno moja hatuna.

Mahari ya kisu kimoja

Tutaje jambo lililotokea katika familia moja tunayoifahamu, bila kutaja jina. Mjomba wa msichana aliandika orodha ya mahari kama kawaida: mbuzi, blanketi, taa, panga, jembe, na mwishoni "kisu kimoja cha baba". Siku ya kutoa, upande wa kijana ulileta vyote, na mahali pa kisu waliweka kanifu mpya ndani ya kikasha chake. Walifikiri wanaheshimu, kwa sababu ni ya kisasa, inang'aa. Mjomba alikifungua kikasha, akakunja kisu, akakunjua, akakirudisha mezani. Akasema hiki ni kitu cha kijana, si kitu cha ukoo. Maneno yakapanda. Wa upande wa kijana wakasema wanaonewa. Orodha haikuandika kisu cha namna gani. Watu wa kanisa waliokuwapo wakasema ni ushamba kusimamisha ndoa juu ya kisu. Ndoa ilisimama wiki tatu.

Wengi walimcheka mjomba. Sisi hatukucheka. Katika nchi ambayo mahari ilikuwa chuma kirefu kupita mtu, kile kisu kimoja kwenye orodha ndicho mkia uliobaki wa mnyama mzima. Hakikuombwa ili kikate. Kiliombwa ili kitundikwe ukutani kwa baba, na mgeni akiingia aulize, na baba aseme: hiki ni cha binti yangu fulani, kilitoka kwa watu fulani. Kisu cha kukunja huwezi kukitundika. Kikikunjwa ni kipande cha plastiki. Tena baada ya miaka mitatu resori imekufa, na ndoa ikigombana, ushahidi uko wapi?

Kwa upande mwingine, vijana walikuwa na haki kusema hawakujua. Nani alikuwa amewafundisha? Na mhunzi wa kumwendea ni nani, wakati wengi wamekuwa mafundi wa kuchomelea milango? Mwishoni walimpata mzee mmoja upande wa Lubunga ambaye bado anafua, wakalipa, wakaleta kisu kirefu cha resori ya lori na ala ya ngozi ya mbuzi. Mjomba alipokea vyote viwili. Kanifu anayo mfukoni mpaka leo, anachongea tumbako.

Kwa hiyo, tukiulizwa ushauri, tunatenganisha. Kwa njia, kwa toleka, kwa balenyeri, kwa michungwa na kalamu za watoto: kanifu, na mtu asione haya. Kwa mto, kwa uwindaji, kwa jiko la mama: kisu cha wima, cha kiwanda au cha mhunzi, kwa nguvu ya mfuko. Kwa mahari na mambo ya ukoo: cha mhunzi tu, na familia zichangie kama bei ni kubwa, kwa sababu ni kimoja kwa maisha yote.

Baada ya ile habari ya mahari tulimwendea yule mzee wa Lubunga tukiwa watatu, tukamwuliza kama angeweza kufua kisu cha kukunja. Alitazama kanifu ya China tuliyomletea, akacheka juu ya chuma chake, lakini msumari wa kiungo aliutazama kwa muda mrefu. Alituambia turudi baada ya siku kumi. Alitengeneza kimoja bila resori ya ndani, kinachoshikwa na msumari mzito na ubano wa mpini wa mti mweusi, na nyuma ya bapa ameacha mkia mdogo wa kusukuma kwa kidole gumba, ili mkono mmoja utoshe. Kinafunguka kigumu. Kinakata kuliko vile vya sokoni, na bei yake inapita bei ya vinne vya China. Tulimwambia hakuna atakayenunua. Mpaka tunapoandika kurasa hizi ametengeneza vingine vinne; viwili vimechukuliwa na waendesha toleka, kimoja na muuguzi, na cha nne anakataa kukiuza.